Bonyeza Moja

Saa kumi na mbili kasorobo, viazi vingali jikoni,
simu ya ukutani inalia.
Emrys Pugh anaijua kwa mlio wake,
ingawa mlio ni ule ule kwa watu wote:
kwa anayekudai, kwa aliyefiwa, kwa shangazi wa Wilkes-Barre.
Haipokei. Anaiacha imalize pumzi.
Nje, Scranton inajifunika theluji ya tatu wiki hii,
na mkono wake wa kushoto umo mfukoni,
unahangaika peke yake kama panya ndani ya gunia.

Ni yule mwanamke wa duka la dawa.
Si mwanamke; ni sauti iliyopikwa kiwandani,
tamu, haina mate, haikohoi.
Jumatatu ilipiga mara mbili, Jumatano mara tatu,
Ijumaa ikamfuata kwenye simu ya mfukoni
akiwa juu ya ngazi, ameshika kioo cha dirisha la benki,
ikamsihi athibitishe tarehe ya kuzaliwa
kwa ajili ya usalama wake.
Hebu fikiri: mgeni abishe hodi usiku,
kisha akuulize wewe mwenye nyumba, u nani?

Alijaribu kuizuia.
Duka lilisema ni bima. Bima ilisema ni wakala.
Wakala alimpa filimbi ya kusikiliza, dakika arobaini.
Kisha ikaja bahasha, kurasa kumi na sita.
Ukurasa wa kwanza: *Tunaheshimu faragha yako.*
Ukurasa wa tisa, kwa herufi za sisimizi,
heshima hiyo inagawiwa washirika,
na washirika wa washirika,
na yeyote atakayehitajika kwa shughuli.
Siri ya mtungi aijuaye kata.
Siku hizi kata ana namba ya bure
na ofisi katika mji ambao Emrys hajawahi kuukanyaga.

Kazini hawajui. Msimamizi wake, Hnatko, hajui,
ingawa juzi alimwona akikata kioo
na mstari ukaenda kama njia ya mlimani.
"Baridi, eh?" akasema.
"Baridi," Emrys akajibu.
Delyth, bintiye, hajui. Hasa Delyth.
Vidonge hukaa gereji, kwenye kopo lililoandikwa:
*skrubu, nusu inchi, kichwa bapa.*

Jioni hii Delyth amekuja, viatu vinadondosha theluji,
na simu inapolia yeye yuko karibu nayo kuliko baba.
"Iache!" Emrys anasema, kwa sauti iliyozidi,
na hilo ndilo kosa.

*Kama wewe ni Emrys Pugh, bonyeza moja.*
Delyth anamtazama baba yake.
Anabonyeza moja.
Tarehe ya kuzaliwa? Anaijua, kila mwaka huiokea keki.
Na mashine, ambayo miezi minne ilimshuku mwenyewe,
ikamwamini binti papo hapo,
ikamsomea yote: jina la dawa, miligramu,
mara tatu kwa siku, ya kutuliza mtetemeko,
na kama umeanza kuanguka, bonyeza mbili.

Mficha maradhi, kilio humfichua.
Lakini hiki kilikuwa kilio cha simu tu;
mtu mwenyewe yu hai, amesimama palepale,
masikio yamemwiva, viazi vinaungua.

Delyth akairudisha simu ukutani. Akazima jiko.
"Nani?" Emrys akauliza.
"Wauzaji," akasema. "Hawachoki hawa."
Akatoa vikombe viwili.
Akammiminia baba kahawa,
baba aliyemfundisha tangu mdogo kujaza hadi ukingoni,
kwamba kikombe pungufu ni matusi,
akaishia nusu.

Emrys akakitazama kikombe kile, akakitazama.
Kisha mkono wa kushoto ukatoka mfukoni,
bila haraka, na mtetemeko wake wote,
ukakishika.

Saa moja simu ililia tena, ikaongea na ukuta:
walitaka kujua huduma ya leo
inapewa nyota ngapi.